Ombi la habari likifika mezani pako: mwongozo kamili kwa afisa wa taasisi ya umma

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya, Na. 31 ya mwaka 2016, haimwonei huruma afisa anayenyamaza. Mwananchi akiomba habari na muda ukapita bila jibu, sheria inahesabu kwamba amekataliwa. Hukuandika neno, hukusaini popote, lakini umekataa. Na kwa kuwa hukutoa sababu yoyote, huna la kujitetea nalo. Nimefanya kazi masijala, na baadaye kwenye meza ya habari, katika serikali ya kaunti huku Pwani ya Kenya. Maombi yaliyotuletea aibu mengi hayakukataliwa na mtu. Yalilala tu. Moja lililala kwangu siku 19, limejibana ndani ya faili la likizo za watumishi, na hadi leo nikipokea barua naishika mpaka nione imeingia kwenye rejista.

Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeambiwa "wewe ndiye afisa wa habari" na asipewe zaidi ya hiyo kauli: kwenye kaunti, shirika la umma, chuo, hospitali au shule ya serikali. Nitatumia ombi moja kama mfano kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu sheria ukiisoma peke yake huoni pale inapokukwama kooni.

Kabla ombi halijaja

Kwa mujibu wa sheria, afisa wa upatikanaji wa habari ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Anaweza kukasimu kazi hiyo, na karibu kila mahali hukasimu. Hakikisha umekasimiwa kwa barua. Usikubali kuambiwa kwa mdomo koridoni, maana siku utakapoomba faili kutoka kwa mkuu wa idara nyingine atakuuliza umetumwa na nani. Barua ikishatoka, nakala iende kwa kila idara, na jina la wadhifa wako, mahali unapokaa na namna ya kukufikia vibandikwe kwenye ubao wa matangazo na kuwekwa kwenye tovuti.

Fungua rejista. Daftari kubwa la jalada gumu linatosha. Kompyuta ni bora zaidi kama umeme na chelezo vipo. Safu zake ziwe: namba ya ombi, tarehe ya kupokea, aliyeomba, alichoomba, tarehe ya mwisho, idara iliyotumiwa dokezo, uamuzi, tarehe ya jibu. Safu ya tarehe ya mwisho ijazwe siku ileile ya kupokea, kwa wino mwekundu. Kila mwaka taasisi inatakiwa kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia Sheria hii, ripoti ya maombi iliyopokea na ilivyoyashughulikia, na rejista iliyojazwa vizuri hukuandikia ripoti hiyo nusu yake.

Kisha kuna habari ambazo hazitakiwi kusubiri kuombwa. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ichapishe na kutangaza habari muhimu zinazohusu taifa, na kifungu cha 5 cha Sheria kinaorodhesha yanayopaswa kuwekwa wazi: muundo wa taasisi, mamlaka ya maafisa wake, taratibu za kufanya maamuzi, viwango vya mishahara kwa ngazi, na mikataba inayotiwa saini. Wananchi wakikuuliza jambo lilelile mara tatu, wanakuonyesha kitu ambacho kingepaswa kuwa ukutani tangu zamani.

Kupokea

Hapa ndipo maombi mengi hufa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ilikuwa Ramadhani, Jumanne tarehe 4 Machi 2025. Mzee mmoja mvuvi aliingia masijala saa nne asubuhi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimetumwa na wenzangu wa dikoni. Twataka kujua kile chumba cha baridi cha samaki kimekula pesa ngapi, maana mlango hauna na barafu hatujaiona."

Karani alimjibu kwa upole kabisa: aende akaandike barua, kisha ailete. Mzee akasimama pale pale. Hakujua kuandika, na hakutaka kulisema hilo mbele ya vijana waliokuwa kwenye foleni ya basari.

Sheria ilikwisha mfikiria mtu huyu. Ombi hufanywa kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili; lakini asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, afisa ana wajibu wa kumsaidia, kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Huo ni wajibu kisheria, wala usiuone kama hisani unayomfanyia. Nilimvutia kiti, nikaandika alichosema, nikamsomea polepole. Aliposikia "kiasi kilicholipwa" alinirekebisha: "Na aliyelipwa, mwanangu. Mwandike naye." Maneno ya mwisho yakawa haya:

*Naomba kujua: (a) kiasi kilicholipwa hadi leo kwa ujenzi wa chumba cha baridi cha samaki katika diko letu, (b) mkandarasi aliyepewa zabuni hiyo, (c) kama kazi imekaguliwa na kupokelewa rasmi, na nani alitia saini.*

Akaweka dole gumba, nikagonga muhuri wa tarehe kwenye nakala mbili, moja ikaondoka naye.

Kuhusu fomu: taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini hairuhusiwi kukataa ombi kwa sababu tu mwombaji hakuitumia. Barua ya karatasi ya daftari, barua pepe ya mistari miwili, vyote ni maombi. Ikiwa fomu ni lazima kwa kumbukumbu zenu, ijaze wewe na uibandike nyuma ya barua yake.

Usimuulize anaitakia nini. Kifungu cha 4 kinasema haki ya kupata habari haiathiriwi na sababu anayotoa mwombaji wala na kile taasisi inachodhani kuwa ndiyo sababu yake. Najua swali hilo linatoka lenyewe, hata kwa nia njema. Lizuie. Mvuvi, mwandishi wa habari, mwanafunzi na mpinzani wa gavana wana haki ileile. Unachoweza kuuliza, na ni vizuri uulize, ni *nini hasa* anachotaka: mwaka gani, mradi upi, wadi ipi.

Uraia ni jambo la kuthibitisha kwa utulivu. Haki hii ni ya raia wa Kenya, na Sheria inahesabu pia kampuni au taasisi binafsi inayodhibitiwa na raia wa Kenya. Namba ya kitambulisho inatosha. Usimrudishe mtu nyumbani akalete hati ya kuzaliwa.

Hesabu ya siku

Chukua ombi la mzee, lililopokewa tarehe 4 Machi. Uamuzi unatakiwa haraka iwezekanavyo, na isizidi siku 21: yaani tarehe 25 Machi. Ukiamua kutoa, kifungu cha 11 kinataka barua ya kumjulisha ndani ya siku 15 za kazi tangu ombi lipokewe. Hesabu hizo nazo, ukiruka Jumamosi na Jumapili, utatua tarehe 25 Machi ileile. Kukiwa na sikukuu katikati tarehe hizi huachana, kwa hiyo mimi huandika ile inayotangulia na kuisahau nyingine.

Kama habari haiko kwenu bali kwa taasisi nyingine, hamisha ombi ndani ya siku 5 tangu kulipokea, na mwombaji ajulishwe kabla ya siku 7 kwisha. Kwa mfano wetu siku ya tano ni Jumapili tarehe 9, kwa hiyo barua ya uhamisho iwe imetoka Ijumaa tarehe 7. Kumwambia mtu "hiyo si yetu, nenda Mamlaka ya Bandari" halafu ukafunga faili hakutoshi. Unayehamisha ni wewe. Angalia pia kwamba taasisi unayoipelekea inabanwa na saa iliyoanza kwako, kwa hiyo ukichelewesha unamla mwenzako siku zake.

Muda unaweza kuongezwa mara moja tu, usizidi siku 14, na kwa sababu mbili: habari zilizoombwa ni nyingi kiasi kwamba kuzipitia kungevuruga kazi nyingine, au kuna watu wa kushauriwa ambao hawawezi kumalizwa ndani ya siku 21. Mkuu wa idara kuwa safarini si sababu. Ukiongeza, mwandikie mwombaji kabla siku 21 hazijaisha na umwambie kwa nini.

Halafu kuna saa 48. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, huna wiki tatu. Mama anayetaka kujua mtoto wake alipewa dawa gani kwenye hospitali ya kaunti kabla ya kuhamishiwa hospitali nyingine, familia inayomtafuta ndugu aliyeshikwa na askari wa kaunti: haya yakifika, acha ulichokuwa ukifanya. Karani wa mapokezi lazima ajue kuyatambua, kwa sababu saa zinaanza kwake, si kwako. Sisi tuliandika maneno matano kwa herufi kubwa juu ya trei ya barua zinazoingia: UHAI AU UHURU: PIGA SIMU.

Kutafuta

Siku ya pili, dokezo liende kwa idara zinazohusika. Liwe mahususi. Ukiandika "tafadhali toa habari zote kuhusu mradi huu" utaletewa picha za siku ya uzinduzi. Kwa ombi la mzee niliomba hivi: kutoka hazina, vocha zote za malipo kwa mkandarasi wa mradi huo, kutoka ununuzi, barua ya kukubaliwa kwa zabuni na mkataba uliotiwa saini, kutoka idara ya uvuvi, hati za malipo ya awamu za mhandisi na cheti cha ukaguzi na upokezi. Nikaweka tarehe ya kujibu, siku 5 za kazi. Sheria inamruhusu afisa wa habari kuomba msaada wa mtumishi mwingine yeyote wa umma, na huyo anatakiwa kuutoa. Mstari huo nauweka chini ya kila dokezo.

Ununuzi walijibu siku ya tatu. Hazina, siku ya sita. Uvuvi wakaandika neno moja: "Hatuna."

Usiipokee "hatuna" ya mstari mmoja. Nenda mwenyewe. Nilikuta mhandisi ni kijana mwenye adabu aliyerithi ofisi miezi mitatu iliyopita, na hakuwa amefungua kabati la aliyemtangulia. Faili lilikuwa juu ya kabati, chini ya ramani zilizoviringishwa, limepigwa vumbi la chokaa. Ndani yake mlikuwa na hati mbili za malipo ya awamu. Cheti cha ukaguzi na upokezi hakikuwamo, na tulipopitia rejista ya vyeti ya idara, namba kwa namba, hakikuwamo pia.

Hapo nikajifunza kuandika jibu ambalo maafisa wengi huliogopa. *Hakuna* ni habari. Mzee aliuliza kama kazi imepokelewa rasmi. Jibu la kweli ni kwamba hadi tarehe ya barua hakuna cheti kilichotolewa. Kwa wavuvi wale, mstari huo ulikuwa na uzito kuliko kurasa zote za mkataba.

Andika ulivyotafuta: umeangalia wapi, lini, umezungumza na nani. Nusu ukurasa ndani ya faili la ombi. Mambo yakifika mbele, utaulizwa hili kabla ya lolote lingine.

Na usisahau kwamba Sheria haijali chombo. Habari ni kumbukumbu yoyote iliyo mikononi mwa taasisi, kwa umbo lolote, kutoka chanzo chochote na ya tarehe yoyote. Jedwali la kompyuta, picha za eneo la ujenzi, barua pepe, maagizo ya kazi yaliyopitishwa kwenye WhatsApp ya kamati: vyote vitafutwe. Kuficha, kubadilisha, kufuta au kuharibu kumbukumbu ili isitolewe ni kosa la jinai. Hata kwa kazi za kawaida, kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini ya Mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa, kwa hiyo "zile tulizichoma tulipohama jengo" ni jibu linalozaa swali baya zaidi.

Kupima: kutoa, kuziba au kukataa

Kifungu cha 6 ndicho kinachotaja habari zinazoweza kuzuiliwa. Kwa ufupi ni zile ambazo kuzitoa kungehatarisha usalama wa taifa, kuvuruga mchakato wa sheria, kuhatarisha maisha au afya ya mtu, kuingilia faragha ya mtu mwingine bila sababu, kudhuru kwa kiasi kikubwa biashara ya mtu au uwezo wa Serikali kusimamia uchumi, kuharibu mashauriano ya jambo lisiloamuliwa bado, kuidhoofisha taasisi katika kesi, au kuvunja siri ya kitaaluma kama ile ya wakili na mteja wake.

Lisome neno *kudhuru*. Kukataa kunahitaji madhara unayoweza kuyaeleza. "Faili hili ni la siri" haielezi madhara. Muhuri wa SIRI uligongwa na mtu, pengine mwaka 1994, na leo unapimwa upya. Hata madhara yakiwapo, bado hujamaliza: yapime na manufaa ya umma. Sheria yenyewe inataja ya kuzingatia, kama uwajibikaji wa taasisi, usimamizi wa matumizi ya fedha za umma, mjadala wenye taarifa, na hatari kwa afya, usalama au mazingira. Manufaa yakizidi madhara, toa. Na habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 huchukuliwa kuwa haizuiliwi tena.

Mikataba ndiyo inayosumbua kuliko yote. Mkuu wa idara atakuonyesha kipengele cha usiri ndani ya mkataba na kudhani mjadala umekwisha. Mwonyeshe hukumu ya Mahakama Kuu ya Mombasa ya tarehe 13 Mei 2022. Khelef Khalifa na mwenzake Wanjiru Gikonyo walikuwa wameomba mikataba ya reli ya SGR. Upande wa Serikali ukajitetea kwa kipengele cha usiri na Sheria ya Siri za Serikali. Jaji John Mativo aliamuru mikataba itolewe. Mwezi Novemba mwaka huohuo Wizara ya Uchukuzi ikaweka sehemu yake hadharani. Ikiwa kipengele cha usiri hakikuweza kuifunika reli iliyojengwa kwa mkopo wa mabilioni, hakitafunika chumba cha baridi cha samaki.

Kwa ombi la mzee hapakuwa na cha kukataa. Jina la mkandarasi, bei ya zabuni, kiasi kilicholipwa na tarehe zake ni matumizi ya fedha za umma. Majina ya maafisa waliosaini kwa wadhifa wao si faragha. Walisaini kwa niaba ya wananchi. Lakini ndani ya vocha mlikuwa na namba ya akaunti ya benki, namba ya kitambulisho cha mkurugenzi wa kampuni na simu yake ya mkononi. Hizo zinazibwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itakukumbusha ukisahau.

Wazo la kushika hapa ni kwamba sehemu mbaya haizuii sehemu nzuri kutoka. Ukurasa wenye mistari miwili ya kuzuiliwa hutolewa ukiwa na mistari hiyo imezibwa. Faili zima halifungwi kwa ajili ya namba ya simu.

Kuziba, kwa vitendo

Nimeona kalamu nene nyeusi ikipita juu ya namba ya akaunti, na karatasi ilipoinuliwa kuelekea dirishani namba ikasomeka yote. Fanya hivi: toa nakala ya ukurasa, ziba kwenye nakala, kisha itolee nakala ile iliyozibwa. Ya pili ndiyo unayompa mwombaji. Ya kwanza inabaki, na asili haiguswi kabisa.

Kwa faili la kompyuta kuna mtego mwingine. Kisanduku cheusi kilichochorwa juu ya maneno ndani ya PDF hakifuti maneno. Mtu anayachagua, anayanakili, anayabandika kwingine na kuyasoma. Kama huna programu ya kuyaondoa kabisa, chapisha ukurasa, ziba kwa mkono, toa nakala, uskani nakala hiyo. Ni njia ya kizamani lakini haivuji. Jedwali la kompyuta nalo lina safu zilizofichwa: zifunue zote kabla hujatuma, na usitume jedwali asili ukiweza kutuma nakala mpya yenye safu zinazohitajika tu.

Pembeni ya kila ulipoziba andika sababu kwa maneno machache: "faragha, k. 6". Mwombaji asilazimike kubahatisha.

Ada

Kuomba habari ni bure. Unachoweza kutoza ni gharama halisi ya kutoa nakala na kuzifikisha, basi. Muda wako wa kutafuta hautozwi. Ombi la mzee lilikuwa na kurasa 34. Kwa shilingi 5 kwa ukurasa ni shilingi 170, na hesabu hiyo iandikwe hivyo ndani ya barua, pamoja na njia ya kulipa. Akishalipa, una siku 2 za kazi kumkabidhi. Kabla ya kutaja ada mwambie mambo mawili ambayo hayamgharimu chochote: anaweza kuja kukagua nyaraka na kuzipiga picha kwa simu, au kutumiwa kwa barua pepe. Mzee alikuja na mjukuu wake mwenye simu.

Barua

Jibu kwa lugha aliyokuandikia. Aliyeomba kwa Kiswahili akijibiwa kwa Kiingereza cha kisheria atahitaji mtu wa kumtafsiria, na huyo naye atakuwa na lake la kuongeza. Hii ndiyo barua iliyotoka, nimeondoa tu majina na kiasi cha fedha:

*Rejea ombi lako lililopokewa tarehe 4 Machi 2025. Ombi limekubaliwa. (a) Hadi tarehe ya barua hii malipo mawili ya awamu yamefanywa, jumla yake imeonyeshwa kwenye kiambatisho cha kwanza. (b) Mkandarasi na bei ya zabuni vimeonyeshwa kwenye barua ya kukubaliwa zabuni, kiambatisho cha pili. (c) Tumepekua faili la mradi na rejista ya vyeti ya idara ya uvuvi. Hakuna cheti cha ukaguzi na upokezi kilichotolewa kwa kazi hii. Namba za akaunti, kitambulisho na simu binafsi zimezibwa kulinda faragha. Usiporidhika na uamuzi huu, ada au namna ya kupewa habari, unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya na Tume ya Haki ya Utawala, maarufu Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.*

Hakuna "tunasikitika", hakuna "kwa heshima na taadhima". Kila herufi ya swali ina herufi ya jibu.

Barua ya kukataa ina mifupa ileile, ila inabeba mzigo zaidi. Iseme kama habari ipo kwenu, ni sehemu gani inayozuiliwa, ni aya ipi ya kifungu cha 6, madhara gani yangetokea, kwa nini manufaa ya umma hayakuyazidi, na njia ya kwenda kwa Tume. Tuseme mtu ameomba alama za kamati ya kutathmini zabuni ambayo bado inakaa. Mwandikie kwamba kuzitoa sasa kungewapa baadhi ya wazabuni nafasi ya kuishinikiza kamati, kwamba uamuzi bado haujafanywa, na kwamba anaweza kuomba tena zabuni itakapotolewa. Kukataa kwa namna hiyo mtu hukuelewa, hata akikasirika.

Mkubwa akisema "achana nalo"

Litatokea. Mara nyingi ni kwa simu, na mara nyingi aliyepiga naye amepigiwa. Usibishane. Andika dokezo fupi kwa mkuu wa taasisi: ombi namba fulani lilipokewa tarehe fulani, muda unaisha tarehe fulani, maoni yangu ni litolewe kwa sababu hizi, naomba maelekezo yako kwa maandishi. Weka nakala kwenye faili. Katika miaka yangu yote, madokezo ya aina hii yamerudi yameandikwa "Endelea" mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wachache sana wanaotaka kuweka saini yao chini ya neno "Usitoe". Yakirudi na "Usitoe", una karatasi, na Tume itamuuliza aliyesaini.

Likifika kwa Tume

Tume ina uwezo wa kuita nyaraka, kuwahoji watu na kuamuru habari itolewe. Ukipokea barua yake, ipelekee faili la ombi lilivyo: ombi lenye muhuri, madokezo, maelezo ya utafutaji, nakala isiyozibwa na iliyozibwa, barua ya uamuzi. Usianze kuandika sababu mpya ambazo hukumpa mwombaji, zitaonekana zilivyo. Na ukigundua katika kuliandaa faili kwamba ulikosea, toa habari hiyo siku hiyohiyo na uiarifu Tume.

Mwananchi pia anaweza kuomba habari zake binafsi zilizokosewa zisahihishwe: jina, umri, ukubwa wa kiwanja kwenye rejista ya kodi ya ardhi. Haya yaingize kwenye rejista ileile na uyajibu kwa maandishi kama mengine.

Unapokwenda likizo

Siku hazisimami kwa sababu wewe hupo. Kabla ya kuondoka keti na atakayekukaimu, mpitie rejista mstari kwa mstari, na kila ombi lililo wazi liwe na karatasi moja juu ya faili: limefikia wapi, nani anasubiriwa, tarehe ya mwisho. Mkabidhi nywila ya barua pepe ya ofisi, ufunguo wa kabati na muhuri wa tarehe. Asaini rejista chini ya mstari wa mwisho, nawe usaini, muandike na saa.

Halafu fungua faili la likizo za watumishi uweke fomu yako, na uangalie kama kuna barua ya mtu humo ndani.